Usiku wa Tarehe Mosi

Kila mwisho wa mwezi kazi yangu hurudi kwenye swali moja: jambo hili ni la mwezi gani? Mtu asiyeijua kazi hii hudhani mtunza hesabu anashughulika na fedha. Ni kweli, lakini siku za kufunga mwezi anashughulika zaidi na wakati. Mwenye duka alilipa kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo. Je, duka liliila kodi yote ile mwezi ule ule? Amenunua umeme leo, na taa zitawaka kwa umeme huo mpaka katikati ya mwezi ujao. Cherehani ya kukunjia pindo haikugharimu chochote mwezi huu, lakini imezeeka kwa mwezi mmoja, na uzee nao una bei yake. Kila kimoja kinatakiwa kirudishwe kwenye mwezi wake, kama mbuzi wa majirani waliochanganyika malishoni, ambao jioni lazima kila mmoja aingie zizi lake.

Kazi hiyo huitwa marekebisho. Sikuisomea darasani. Nilikuwa mtunza stoo katika gereji, nikanunua kitabu cha hesabu za biashara kwa mchuuzi aliyetandaza vitabu vyake kando ya barabara, kitabu kisicho na jalada wala sura ya kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza, na kila neno gumu nililikalia mpaka likakubali kuwa Kiswahili. Sura ya marekebisho niliipenda kuliko zote. Nyingine zilikuwa zinafundisha kuhesabu. Ile ilikuwa inauliza jambo ambalo sikuwahi kufikiri kwamba lina majibu zaidi ya moja.

Siku hizi natunza hesabu za maduka madogo machache. Mojawapo ni duka la vitambaa pale Levolosi, hapa Arusha, lenye vitenge, khanga, mashuka ya Kimasai na majora ya vitambaa vya sare. Mwenye duka ni mama wa Kimeru aliyezaliwa juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, mtu wa kwenda haraka, mkavu wa maneno, mwaminifu kwa kanisa lake. Alinichukua mwezi wa nne kwa sababu alitaka kufungua duka la pili Sombetini, na mtu aliyekuwa tayari kumkopesha bidhaa kwa jumla alitaka kwanza kuona hesabu za duka la kwanza, zilizofungwa kila mwezi kama inavyotakiwa.

Mwenyewe hakukaa dukani. Alipita Jumanne na Jumamosi kuchukua fedha. Aliyeuza ni mama mmoja mtu mzima kutoka Pangani, mjane, ambaye alikuwa amehamia Arusha miaka miwili kabla kumfuata binti yake aliyeolewa huku Sombetini. Mimi nina miaka zaidi ya hamsini, lakini yeye alinizidi, kwa hiyo nilimpa shikamoo yake, naye akanipa marahaba na kuniita mwalimu, ingawa nilimweleza zaidi ya mara moja kwamba sijawahi kufundisha.

“Hesabu si unazijua?” aliniuliza.

“Najua kidogo.”

“Basi mwalimu. Wengine wanaitwa hivyo kwa kidogo kuliko hicho.”

Alikuwa anauza vizuri. Mteja aliyeingia kuuliza bei alitoka na doti ya khanga na maneno ya khanga yale amesomewa na kufafanuliwa bure. Mauzo aliyaandika kwenye daftari kubwa, ukurasa mmoja kwa siku moja, kwa mwandiko wa duara ulionyooka. Fedha ya kila ukurasa aliifunga kwa mpira, akachomeka kikaratasi chenye jumla na kiasi kilichoingia kwenye simu ya mwenye duka. Mwenye duka alipokuja alilinganisha furushi na ukurasa, na siku zote vililingana. Aliangalia chini ya ukurasa tu, penye jumla. Juu ya ukurasa hakuwa na haja nako.

Jioni moja ya wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa pembeni na karatasi zangu alipotoka nyuma ya pazia, ambako huswali, akajifunga ushungi wake upya na kusema, kama mtu anayejisemea, “Haya, kumekucha.” Nje kulikuwa kunaingia giza. Nilitabasamu, nikadhani ni utani wa kwao.

Mwisho wa mwezi wa nne, duka lilipofungwa, tulihesabu bidhaa zote, mimi, yeye na mwenye duka. Hiyo ikawa hesabu ya kuanzia. Mwisho wa mwezi wa tano tukahesabu tena, usiku vile vile baada ya kufunga. Kanuni ni nyepesi: ulichoanza nacho, ongeza ulichonunua, toa ulichouza kwa mujibu wa daftari; kilichobaki ndicho kinachotakiwa kuwa kwenye rafu. Hakikuwepo chote. Kulipungua doti za khanga, vitenge kadhaa, na jora zima la sare. Fedha iliyokuwa kwenye droo niliichukulia kuwa chenji ya kesho yake, kama ilivyo katika maduka mengine ninayoyatunza.

Mwenye duka aliangalia orodha ya vilivyopungua, akaikunja. Aliniambia kesho yake kwa simu.

“Kaka, sitaki kumwonea mtu. Lakini siwezi kufungua Sombetini huku nyuma kunavuja.”

“Mwezi mmoja ni mdogo kwa kuhukumu,” nilimwambia.

“Nakupa na wa sita. Ukifunga wa sita, uniambie. Kama bado kuna upungufu, namlipa haki yake anaondoka. Binti wa kaka yangu yuko nyumbani, kamaliza kidato cha nne, anaweza kuuza.”

Kwa hiyo nilijua nilichokuwa nakihesabu. Si khanga peke yake. Mama yule alikuwa anaishi kwa binti yake, kwa mkwewe, na aliwahi kuniambia, bila kunung’unika, kwamba mtu mzima anayekula kwa mkwe bila kuleta chumvi hula ameinama.

Nilianza kulisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kutoka juu. Hapo ndipo nilipoona kitu. Tarehe mosi ya mwezi wa sita ilikuwa Jumapili. Duka lile halifunguliwi Jumapili. Mwenye duka haruhusu. Lakini ukurasa ulikuwepo, umeandikwa kwa mwandiko ule ule mzuri, “Jumapili, tarehe 1”, na chini yake mauzo: khanga, vitenge, jora la sare. Nikarudi nyuma. Kila Jumapili ya mwezi wa tano ilikuwa na ukurasa wake, mfupi kuliko wa siku nyingine, lakini ulikuwepo.

Nilisita kumwambia mwenye duka. Mwishowe niliona kwamba daftari ni lake na ana haki ya kujua yaliyomo. Nikamweleza.

“Yaani mimi niko kanisani, yeye yuko dukani kwangu.”

“Ukurasa ndivyo unavyosema. Lakini fedha ya kurasa hizo umeipata. Mwizi gani anaandika alichouza akakuletea na fedha?”

“Labda anaandika nusu.”

Hilo sikuweza kulipinga. Jumapili iliyofuata alitoka ibadani kabla ya matangazo, jambo ambalo kwake si dogo, akashuka Levolosi. Duka lilikuwa limefungwa. Alishika kufuli kwa mkono wake, likawa baridi kama chuma cha asubuhi kilivyo huku mwezi wa sita, na mlango una vumbi la usiku. Akamuuliza muuza viatu wa jirani, akaambiwa mama huyo haonekani kabisa Jumapili. Jumanne akachukua daftari. Ukurasa wa Jumapili ile ulikuwepo, una khanga mbili na shuka moja, na furushi lake dogo la fedha limefungwa kwa mpira.

“Kaka,” aliniambia, “hii sasa imeanza kunitisha.”

Mimi haikunitisha. Naomba nieleweke: kazi ya mtu ilikuwa hatarini na sikulisahau hilo hata siku moja. Lakini pamoja na wasiwasi huo nilikuwa na hamu ambayo sijaipata mara nyingi tangu nilipokutana na kile kitabu kisicho na jalada. Duka lilikuwa limefungwa na lilikuwa limeuza. Fedha ilikuwepo. Bidhaa zilipungua mwisho wa mwezi, lakini kurasa na mafurushi yalilingana siku zote. Nilijaribu kudhani kwamba anakosea tarehe, nikafuatilia. Hakukosea hata moja. Nilijaribu kudhani kwamba anauzia nyumbani Sombetini, kwa binti yake, lakini mtu hatoki na jora zima la sare begani bila muuza viatu kumwona. Kumuuliza yeye mwenyewe lingekuwa jambo rahisi kuliko yote, ila mwenye duka alikuwa amenikataza. “Ukimwuliza utamshtua,” alisema, “kisha hatutajua kitu.”

Tulifunga mwezi wa sita siku ya Jumatatu. Ilikuwa siku ya baridi kali, ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu saa tisa, watu wamekimbilia majumbani. Tukahesabu. Safari hii bidhaa zilizidi. Kwenye rafu kulikuwa na khanga na vitenge ambavyo daftari lilisema vimeuzwa, na ziada yenyewe ilikaribia kulingana na upungufu wa mwezi uliotangulia.

Nilimweleza mwenye duka kwamba mwizi harudishi. Alijibu kwamba mwizi anayejua anahesabiwa anaweza kurudisha, halafu akasema, “Ulisema utaniambia ukifunga. Unafunga lini?”

Baada ya kuhesabu bidhaa mimi huhitaji siku chache za kuandaa marekebisho: pango, umeme, uchakavu wa cherehani, mshahara ambao siku zake zimepita na haujalipwa, arubuni za wateja waliotanguliza fedha kwa sare ambazo bado hazijafika. “Jumamosi,” nilimwambia. “Sawa,” akasema. “Jumamosi naamua. Nimeshamwambia binti ajiandae kuanza Jumatatu.”

Ijumaa jioni nilikuwa dukani, kwenye kiti changu cha pembeni, nikiwa na marekebisho yote tayari isipokuwa moja. Sikujua ziada ile niiandike kama nini. Mama alikuwa ametoka nyuma ya pazia muda huo huo. Akaingia mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufi, mwalimu wa kwaya kutoka kijiji kimoja cha huko juu.

“Habari za jioni, mama. Nimefuata lile jora langu la bluu.”

Mama akamtazama. “Nilikungoja jana mpaka nikachoka. Jora limeondoka.”

“Jana? Si uliniambia usiku wa Ijumaa?”

“Ndiyo. Nikaliweka hapa mezani, nimelifunga na kamba, mpaka natia kufuli. Asubuhi wakaja wenzio wa kwaya nyingine wakalitaka.”

“Mama, leo ni siku gani?”

“Leo?” Alitazama nje, ambako taa za maduka ya upande wa pili zilikuwa zimeanza kuwaka. “Leo ilikuwa Ijumaa.”

“Ilikuwa?”

“Jua si limekuchwa? Hii sasa Jumamosi.”

Mwalimu wa kwaya alinigeukia. “Kaka, hebu nisaidie mwenzako. Leo ni lini?”

“Ijumaa,” nilisema.

“Na huu unaoingia ni nini?”

“Usiku.”

“Usiku, na ni Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ndio huu. Au kule pwani Ijumaa yenu haina usiku? Ikishakula pilau inakwenda zake?”

“Ina usiku, na usiku wake unatangulia,” mama alisema, anakunja khanga bila haraka. “Usiku ndio mama, mchana mtoto. Nyie watu wa mlimani mnamtanguliza mtoto, mama mnamwacha nyuma anahangaika gizani.”

“Sisi watu wa mlimani tuna tamasha Jumapili na hatuna kitambaa.”

“Kaa hapo. Nina bluu nyingine, imeiva kidogo kuliko ile.”

“Kuiva vipi? Sare ni sare.”

“Kwaya ni sauti, baba, si rangi.”

“Kamwambie hivyo mwenyekiti wangu. Ni mwanamke, na amenunua viatu vya bluu ile tayari.”

Walibishana bei kidogo, akapunguziwa kwa ajili ya lile jora alilokosa, akalipa kwa simu, akaondoka na jora begani huku akisema kwamba akirudi tena atauliza kwanza kama ni usiku wa kwao au wa kwetu. Mama alivuta daftari. Akafunua ukurasa mpya, akaandika juu, polepole, “Jumamosi”, na tarehe ya kesho. Chini yake akaandika jora la bluu.

Nilikuwa nimeinuka bila kujua.

“Mama, mbona umeandika Jumamosi?”

“Niandike nini?”

“Hayo ni mauzo ya sasa hivi.”

“Ndiyo. Ya sasa hivi.”

“Na yale ya tangu asubuhi?”

Akarudisha ukurasa nyuma kunionyesha. “Haya hapa, Ijumaa. Nimeshayajumlisha, nimeshafunga fedha yake. Nikishaswali magharibi siku nimeimaliza. Furushi hili la jana, lile la leo, na leo ndiyo kwanza imeanza. Kwani wewe siku yako inaanza lini?”

“Saa sita usiku.”

“Nani anaiona ikianza?”

“Hakuna. Watu wamelala.”

Alicheka kwa pua. “Kazi kweli.”

Nilirudi kwenye kiti na kuchukua kalamu. Jambo lilikuwa jepesi mno lilipokwisha kujulikana. Kila kitu kilichouzwa kati ya magharibi na saa mbili, wakati duka linafungwa, kilikuwa kinaandikwa kwenye siku ya kesho yake. Jioni ya Jumamosi ilikuwa inaingia kwenye ukurasa wa Jumapili; ndiyo maana duka liliuza siku ambayo limefungwa. Na jioni ya siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa inaingia kwenye mwezi unaofuata, wakati mimi usiku ule ule nahesabu rafu ambazo bidhaa zake zimeshaondoka. Mwisho wa mwezi wa tano ulikuwa Jumamosi, watu wamepokea mishahara, wengine wanajiandaa na Idi, jioni ile iliuza sana. Rafu zikapungua na daftari la mwezi wa tano halikujua. Mwisho wa mwezi wa sita ulikuwa Jumatatu ya ukungu, jioni haikuuza karibu kitu. Lakini daftari la mwezi huo lilikuwa limeanza kwa mauzo ya ile Jumamosi nono, bidhaa ambazo mimi sikuwa nazo tena kwenye hesabu ya kuanzia. Ndiyo ikawa ziada. Hata fedha niliyoiita chenji ilikuwa mauzo ya jioni, yanangoja furushi lake.

Nikamwuliza jambo moja la mwisho. “Ile wiki ya kwanza ulisema kumekucha, na jua linazama.”

“Sikusema kumekucha. Nilisema kumekuchwa. Kukicha kunapambazuka, kukichwa kunaingia giza. Nyie huku mnazisikia zote sawa.”

Niliandika maneno yote mawili kwenye pembe ya karatasi yangu, moja chini ya jingine. Yalikuwa yameachana kwa herufi moja.

Nilitembea kwenda nyumbani jioni ile badala ya kupanda gari. Kuna jambo lilikuwa linanizunguka kichwani. Tukisema saa moja usiku, sisi sote, wa pwani na wa bara, Mmeru na Mchaga na Mwarusha aongeaye Kiswahili cha kuokoteza, tunasema ni saa ya kwanza. Ya kwanza tangu lini? Tangu jua lilipozama. Saa zetu za usiku huanzia pale alipoanzia yule mama. Tarehe zetu tu ndizo zinazosubiri mpaka saa sita. Nimeishi zaidi ya nusu karne na hesabu mbili ndani ya kauli moja, “saa moja usiku, tarehe thelathini”, bila kuona kwamba nusu ya kwanza inasema siku imeanza na nusu ya pili inasema bado. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani ambacho si cha mtu.

Jumamosi mwenye duka alikuja mapema. Tulisimama nje, karibu na muuza viatu, kwa sababu hakutaka tusikike. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anataka kitu cha kushika mkononi, si maelezo. Nikamwomba afungue ujumbe wa malipo kwenye simu yake, wa ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano. Wateja wanne walikuwa wamelipa kwa simu jioni ile kati ya saa moja na saa mbili, mmoja wao fedha ya jora zima. Nikamwekea daftari pembeni, ukurasa wa Jumapili tarehe mosi. Malipo yote manne yalikuwepo, kwa mpangilio ule ule.

Aliangalia simu, akaangalia daftari. Akaangalia simu tena.

“Kwa hiyo hakuna kilichopotea.”

“Hakuna. Ukizirudisha jioni zote kwenye siku zake, rafu na daftari vinalingana.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipoanza kuhesabu. Kabla ya hapo sijui.”

Alisugua kioo cha simu kwa kidole gumba. “Na mimi nimekwenda kushika kufuli Jumapili,” alisema. Kisha akapiga simu kwa Kimeru, akaongea kwa muda, nikatambua neno Sombetini tu. Alipokata aliniambia kwamba binti wa kaka yake ataanza Jumatatu kama alivyoahidiwa, ila ataanza kwa kujifunza hapa chini ya mama, mwezi mmoja, halafu ndiye atakayekwenda Sombetini. “Hapa sitoi mtu,” akasema. “Lakini mwambie basi aandike kama watu wengine.”

Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku. Nilimwambia kwamba kumbadilisha mtu mzima siku yake ni kazi ndefu, na katikati ya kubadilika ndipo makosa huzaliwa: leo ataandika hivi, kesho vile, nasi hatutajua ipi ni ipi. Kurasa zake hazikuwa na kosa. Zilikuwa na mpaka wao, na mpaka huo haukuwahi kuhama. Ilikuwa rahisi zaidi sisi kuhamisha hesabu ya bidhaa: tufunge mwezi jua likizama.

“Yaani duka langu lifuate saa ya msikitini?”

“Lifuate jua. Jua si la dhehebu.”

Akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. “Mchungaji asisikie,” alisema.

Hatukumwambia mama kwamba alikuwa ameshukiwa. Lakini baadaye, tukiwa peke yetu, alisema huku anapanga mashuka, “Muuza viatu aliniambia mwenye duka alipita Jumapili moja akashika kufuli. Nikasema labda alisahau kitu ndani.” Hakunitazama. “Mtu akisahau kitu si anafungua? Yeye alishika tu, akaondoka.” Nilimsaidia kukunja shuka moja, vibaya, akalikunjua na kulikunja upya.

Mwezi wa saba tulifunga siku ya Alhamisi. Nilifika mapema, mwenye duka akafika baada yangu, na binti alikuwa ngazini anahesabu khanga za rafu ya juu kwa sauti. Mlima ulikuwa umejifunua baada ya siku nyingi za mawingu. Kilele kilikuwa bado na mwanga wakati barabarani kumeshaanza kuwa kijivu. Mama alikuwa ameweka chetezo karibu na mlango na moshi wa udi ulikuwa umejaa dukani. Nilikumbuka kwamba duka lile lilinukia udi kila Alhamisi, na kwamba nilishawahi kumsikia akisema hufukiza usiku wa Ijumaa.

Tulimaliza rafu ya mwisho muda mfupi kabla ya adhana. Alijumlisha ukurasa, akafunga furushi, akampa mwenye duka mkononi. Rafu na daftari vililingana, ukiacha doti moja ambayo binti alikuwa ameihesabu mara mbili na akakubali mwenyewe. Mama akaenda nyuma ya pazia. Sisi tulikaa tukinusa udi.

Alipotoka alifunua ukurasa mpya, akaandika, “Ijumaa, tarehe 1.” Kalamu haijanyanyuliwa vizuri, akaingia mwanamke mmoja kutoka kazini, akachagua doti ya khanga, akasomewa maneno yake, akalipa kwa simu. Simu ya mwenye duka ikalia mfukoni. Alisoma ujumbe, akaugeuza nione. Tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa thelathini na moja.

“Haya, kaka,” alisema. “Hii ni ya mwezi gani?”

Mama alikuwa ameshaiandika. Nilivuta karatasi yangu ya marekebisho ya mwezi wa saba, ambayo nilidhani safari hii ingekuwa na mstari mmoja pungufu, nikaongeza mstari: malipo yaliyopokelewa kwa simu baada ya jua kuchwa, yapelekwe mwezi wa nane.